Ibn Sina: Bingwa wa Sumu na Mbegu za Karafsi

Katika matabibu waliopata kutokea katika umma wa Kiislamu, sidhani kuna aliyetajwa zaidi ya Abu Ali al-Husein bin Abdallah bin Sina. Wazungu walilipindua jina lake wakamwita Avicenna, na kitabu chake wakakisomesha katika vyuo vyao kwa karne kadhaa. Sisi wa pwani twamjua kwa jina la Ibn Sina, na wengi wetu hatuvuki jina hilo. Leo nataka kuwaeleza wasomaji maisha yake, lakini nitaingilia mlango usiofunguliwa sana, nao ni mlango wa sumu, hasa ile itokayo katika mbegu za miti. Jambo hilo aliliandikia kwa mapana, na katika maradhi yaliyomwua mbegu zilikuwa na sehemu yake.

Habari zake nyingi zatoka kwa watu wawili. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, aliyemsimulia mwanafunzi wake mambo ya ujanani. Wa pili ni mwanafunzi huyo, Abu Ubaid al-Juzjani, aliyeandamana naye kiasi cha miaka 25 mpaka siku ya kufa. Al-Juzjani alimpenda mwalimu wake lakini hakumpamba, na kwa sababu hiyo mimi huyaamini maneno yake kuliko ya wengi waliokuja nyuma.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 wa Hijria, sawa na 980, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao sasa umo katika nchi ya Uzbekistan. Babake, Abdallah, alikuwa mtu wa Balkh aliyeajiriwa na serikali ya Wasamani. Mamake aliitwa Sitara. Mtoto alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha hitimu Kurani na kusoma adabu nyingi. Hesabu za Kihindi alipelekwa kwa muuza mboga aliyezijua, na fikihi akaisoma kwa Ismail al-Zahid. Utabibu aliuona elimu isiyo ngumu, na alipokuwa na miaka 16 tayari matabibu walikuwa wakija kusoma kwake, naye akitibu wagonjwa ili ayajue yale yasiyoandikwa vitabuni.

Kilichomshinda ni kitabu kimoja cha falsafa cha Aristotle. Alikisoma mara 40 hata akakihifadhi, wala asikifahamu, mpaka siku moja sokoni dalali alipomlazimisha kununua kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu 3. Alikisoma usiku ule yakamfungukia yote, na asubuhi akatoa sadaka kwa masikini kumshukuru Mola. Naomba msomaji auweke moyoni uzani huo wa dirhamu, kwani utarudi tena.

Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua maradhi yaliyowashinda matabibu wake, kijana huyu aliitwa kusaidia. Malipo aliyoomba ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya amiri. Huko alikuta vyumba kwa vyumba vyenye masanduku ya vitabu, kila chumba na elimu yake, na vingine hakupata kuviona tena maishani mwake.

Baadaye babake alikufa, utawala wa Wasamani ukaanguka, na Ibn Sina akaanza safari za kutangatanga ambazo sitazieleza zote. Alikwenda Khwarazm, akavuka jangwa mpaka Jurjan, ambako al-Juzjani alijiunga naye. Kutoka huko alifika Rayy, mji ulio karibu na Tehran ya leo, kisha Hamadan.

Hamadan ndiko mambo yake yalikogeuka, na sababu ilikuwa tumbo la mtu. Mtawala wa mji, Shams al-Dawla, alishikwa na msokoto mkali wa matumbo, ugonjwa ambao Waarabu waliuita kulanji. Ibn Sina alikaa naye siku 40 usiku na mchana hata akapona. Mtawala akampenda, akamfanya waziri. Askari hawakumtaka, waliizunguka nyumba yake, wakampora mali, wakataka auawe. Shams al-Dawla alikataa kumwua akatosheka kumfukuza, na Ibn Sina akajificha nyumbani kwa rafiki siku nyingine 40. Kisha tumbo la mtawala likarudi kusokota! Ikabidi tabibu atafutwe, aombwe radhi, arudishiwe uwaziri.

Alipokufa Shams al-Dawla mwaka 1021, Ibn Sina hakutaka kumtumikia mwanawe. Alimwandikia kwa siri Ala al-Dawla, mtawala wa Isfahan, na barua hizo zikamtia mashakani. Alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Mtu mwingine angekaa akilia, lakini yeye aliandika vitabu humo gerezani, na kimojawapo kilikuwa juu ya kulanji. Msomaji asikisahau kitabu hicho. Alipofunguliwa alitoka Hamadan kwa siri, yeye, nduguye, al-Juzjani na watumwa wawili, wote wamevaa kama masufi, wakafika Isfahan. Huko alipokewa kwa heshima, na huko aliishi mpaka karibu na mwisho wake.

Sasa nije kwenye kitabu chake kikubwa, Kanuni ya Utabibu. Alikianza Jurjan akakimaliza baada ya miaka mingi ya safari. Kina sehemu tano. Sehemu ya pili yataja dawa mojamoja, kiasi cha 800, za miti, za madini na za wanyama. Katika sehemu ya nne mna mlango mzima wa sumu: zile zinazonyweka na kulika, na zile za kuumwa na nyoka, nge na mbwa mwenye kichaa. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na mwaka 1593 kilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Rome.

Ukisoma habari za mimea ya sumu katika Kanuni, utakutana na mingi ambayo haioti kwetu, lakini mmoja waota hata nyuma ya nyumba zetu. Waarabu waliuita jauz mathil, na sisi twauita mnanaha. Ni ule wenye maua makubwa kama tarumbeta na matunda ya miiba yaliyojaa mbegu bapa. Ibn Sina alijua kwamba mbegu hizi zaleta usingizi mzito na kupoteza akili, na alitenga kiasi kinachomlevya mtu na kiasi kinachomwua. Hakuutia mnanaha katika kundi la vitu vibaya akamaliza. Alitaka tabibu ajue ni kiasi gani. Karibu naye aliutaja mmea mwingine, banji, ambao mbegu zake hufanya kazi hiyohiyo. Watu husikia neno banji wakadhani ni bangi. Majina yamekaribiana, lakini mmea ni mwingine kabisa, wa jamaa ya mnanaha.

Mtu aliyekula mbegu za mnanaha hukaukwa na mdomo, mboni za macho zikapanuka, ngozi ikawa nyekundu na moto, moyo ukaenda mbio, mkojo ukazuilika. Kisha huanza kusema ovyo na kuchuma vitu asivyoviona mwingine. Bara Hindi, katika karne ya 19, wezi wa njiani walijulikana kwa kuwatilia wasafiri mbegu hizi katika chakula, wakawaibia wakiwa hawajitambui.

Ibn Sina alifundisha nini juu ya mtu aliyekula sumu? Kwanza kutazama: harufu ya kinywa, rangi ya matapishi, na hali ya mwili, ili tabibu ajue ni sumu gani. Kisha kumtapisha kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, kumpa maziwa na siagi, na baadaye tiryaki, yaani dawa ya kuondoa sumu iliyochanganywa kwa vitu vingi. Wazee wetu wengi wangali wanafanya hivyo hivyo, mtoto akila kitu hupewa maziwa na kutiwa kidole kooni.

Katika kutazama, Sheikh yuko sawa hata leo. Katika kutapisha, elimu imempita. Madaktari wa siku hizi wakataza kumtapisha mgonjwa nyumbani, kwa kuwa aliyelegea au kupoteza fahamu huweza kuyavuta matapishi mapafuni akafa kwa hayo kabla ya sumu. Kwa wengi, akiwahi kufika hospitali upesi, hasa katika saa ya kwanza, hunyweshwa mkaa maalumu wa unga ambao huishika sumu tumboni isiingie katika damu. Aliyekula mnanaha hutulizwa kwa dawa, hupozwa joto na hutiwa maji. Na ipo dawa yake hasa, fisostigimini, ambayo hutolewa na daktari kwa uangalifu mkubwa. Ajabu ni kwamba nayo ilipatikana katika mbegu ya sumu, ile kunde ya Calabar huko Nigeria, ambayo zamani washitakiwa walilishwa ili ijulikane nani mwongo. Wanakemia waliitoa dawa hiyo katika kunde mwaka 1864. Laiti Ibn Sina angaliiona!

Mbegu nyingine zetu hazina dawa kama hiyo. Mbarika watoa mafuta ambayo yeye pia aliyajua kwa kuharisha, na mafuta hayo yakitengenezwa vizuri hayana madhara hayo, lakini mbegu yenyewe ina sumu iitwayo risini. Tipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hutungia shanga, zina sumu ya jamaa hiyo. Ganda la tipitipi ni gumu, na aliyemeza nzima huenda ikatoka kama ilivyoingia. Balaa ni kuitafuna. Mbono kaburi nao ni mtamu mdomoni, ndiyo maana watoto huula kama njugu, wakatapika na kuhara. Kwa hizi tatu daktari hufanya kazi ya kumtia mgonjwa maji na chumvi zilizopotea, na kumchunga. Dalili za mbarika na tipitipi huweza kukawia saa nyingi, kwa hiyo mtoto kucheza baada ya kutafuna si alama ya kuwa amepona. Anayempeleka hospitali na achukue mbegu au tawi la mti wenyewe, ili daktari aanze pale alipotaka Ibn Sina aanze.

Nirudi Isfahan. Kwa miaka zaidi ya kumi Ibn Sina aliishi na Ala al-Dawla, mchana katika mambo ya utawala na usiku katika vitabu. Al-Juzjani hafichi kwamba baada ya darsa za usiku kulikuwa na vinywaji na waimbaji, na kwamba mwalimu wake alipenda sana wanawake hata mwili wake ukadhoofika. Wanavyuoni waliokuja baadaye walimlaumu, na al-Ghazali aliyapinga baadhi ya maneno yake ya falsafa kwa ukali. Mimi si kadhi wa kumhukumu. Nayataja haya kwa sababu mwandishi aliyekuwapo ameyahesabu katika sababu za ugonjwa.

Basi ulitokea mwaka ambao Ala al-Dawla alipigana na Tash Farrash mlangoni mwa mji wa Karaj. Katika vita hivyo Ibn Sina alishikwa na kulanji, ugonjwa uleule aliomtibu Shams al-Dawla, aliouandikia kitabu gerezani. Hapakuwa na mtu duniani aliyeujua kuliko yeye. Lakini jeshi lilikuwa hatarini kurudi nyuma, naye aliogopa kuachwa njiani hawezi kupanda mnyama. Akataka kupona siku hiyohiyo. Alijitia dawa kwa njia ya haja kubwa, si mara moja wala mbili, ila mara 8 kwa siku moja. Matumbo yakachubuka yakafanya vidonda. Safari ikaenda mbio hivyo hivyo, na njiani akapatwa na kifafa, ambacho wakati mwingine hufuata kulanji kali.

Hata hivyo aliendelea kujitibu. Aliamuru katika dawa ile ya kutia kwa chini zichanganywe mbegu za karafsi, mboga ya majani yenye harufu ambayo sasa yauzwa sokoni kwa jina la seleri. Mbegu zake zilitumika kuvunja upepo tumboni, kama sisi tunavyotumia kisibiti. Kiasi alichotaka ni daniki 2. Daniki ni sehemu ya sita ya dirhamu, na dirhamu ni kama gramu 3, kwa hiyo alitaka gramu 1 tu. Mmoja wa matabibu waliokuwa wakimhudumia alitia dirhamu 5. Hebu tupige hesabu: daniki 2 ni thuluthi ya dirhamu, na dirhamu 5 ni mara 15 ya hiyo. Badala ya gramu 1 ziliingia kiasi cha gramu 15, kama vijiko viwili vya kulia, katika matumbo yenye vidonda. Kwa ukali wa mbegu zile vidonda vikazidi.

Karafsi si sumu. Hakuna mtu anayekimbia sahani ya mchuzi kwa sababu imetiwa mbegu zake. Na wale wasemao kwamba dawa ya mbegu haina madhara kwa kuwa ni chakula, ningependa waisome habari hii mara mbili.

La pili ni zito zaidi. Kwa ajili ya kifafa, Ibn Sina alikuwa akila maajuni yenye jina la mfalme wa kale Mithridates, ambayo yalisifiwa kwa kukinga sumu. Mmoja wa watumwa wake alitia humo afyuni nyingi kisha akamlisha. Al-Juzjani ataja sababu: watumwa walikuwa wameiba mali nyingi katika hazina ya bwana wao, wakataka afe wasalimike na adhabu. Afyuni ikizidi hupunguza pumzi mpaka zikatike. Siku hizi hospitali wana dawa ya sindano iitwayo nalokisoni ambayo huiondoa nguvu ya afyuni kwa dakika chache. Wakati ule hapakuwa na kitu ila kumzuia mtu asilale. Ibn Sina hakufa kwa afyuni ile.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa jambo hili latuhusu. Pwani yetu mtu akifa kwa tumbo, kabla hajazikwa husikika mnong'ono kuwa amelishwa. Hutajwa jirani, hutajwa mke mwenza, hutajwa mtu wa kazini. Nyumba huvunjika kwa mnong'ono huo. Tazama al-Juzjani alivyofanya. Yule mtumwa wa afyuni ameeleza kosa lake na sababu yake. Ama yule tabibu wa karafsi, amesema wazi kuwa hajui kama alifanya kusudi au alikosea, kwa sababu yeye hakuwapo wakati dawa ikichanganywa. Mwalimu wake mpenzi alikuwa ameumizwa, na uchungu wake nauona katika maandishi, lakini asiloliona hakulishuhudia, wala jina la tabibu hakulitoa. Karibu miaka 1,000 imepita na mtu yule hajaaibishwa kwa dhana.

Mimi nikipima, naona kipimo kilivukwa kwanza na Sheikh mwenyewe siku ile ya dawa mara 8. Karafsi ilikuta matumbo yaliyokwisha chubuka.

Alichukuliwa Isfahan kwa machela, hawezi hata kusimama. Huko alijiuguza mpaka akaweza kutembea na kuhudhuria barazani kwa Ala al-Dawla. Lakini hakujihifadhi, akarudia mazoea yake, na ugonjwa ukawa wamwacha na kumrudia. Kisha Ala al-Dawla akasafiri kwenda Hamadan, naye akafuatana naye. Kulanji ikamshika njiani. Alipofika mjini alijua kwamba nguvu zake zimekwisha na hazitoshi kuuondoa ugonjwa, akaacha kujitibu. Aliona kwamba ile nguvu iliyokuwa ikiuendesha mwili wake imeshindwa kazi, na dawa haina faida tena.

Ibn Khallikan, mwanahistoria wa karne ya 13, ameandika kwamba katika siku hizo za mwisho alioga, akatubu, akatoa sadaka alichokuwa nacho, akawarudishia watu haki zao kwa wale aliowajua, akawapa watumwa wake uhuru, na akawa akihitimu Kurani kila siku tatu. Alifariki mwaka 428 wa Hijria, sawa na 1037, katika mwezi wa Ramadhani. Kwa hesabu ya miaka ya Kiislamu umri wake ulikuwa 58.

Alizikwa Hamadan, mji ule aliofanywa waziri kwa kumponya mtu kulanji. Katika miaka ya 1950 serikali ya Iran ilimjengea kaburi jipya lenye mnara mrefu. Mwenyezi Mungu amrehemu.